Vyumba Vinne

Daktari alichukua kalamu, akachora mraba,
akaugawa vyumba vinne.
"Baba huyu hapa juu. Mama huyu ubavuni.
Kila mimba ni kura mpya.
Wewe na kaka yako mmeangukia chumba kimoja."

Hakuchora paa.
Hakuonyesha nyumba hiyo iko mtaa gani,
wala mvua ya Aprili ikishuka kutoka Pugu
inaingilia mlango upi.

Nilikuwa na miaka minne shangazi Tausi aliponichukua.
Hakunichagua kwa lolote:
Pazi alikuwa na homa siku hiyo, na teksi inasubiri.
Huko Tabata nilikuta bomba uani, chandarua kipya,
kadi ya bima yenye picha yangu nimenuna,
na kila muhula barua kwa mwalimu:
*huyu asikimbizwe mchakamchaka,
akiomba maji apewe.*

Pazi alibaki Kigogo, bondeni.
Msimbazi ukifurika haupigi hodi.
Alilala juu ya meza, magodoro yameloa,
na baridi ikazikunja chembe za damu yake
kila moja ikawa mundu,
zikaingia mifupani kuvuna.
Majirani wakasema karogwa.
Mwalimu akasema mvivu.
Mama akamkanda magoti hadi adhana ya alfajiri,
kisha akaenda kukaanga maandazi
kwa mikono ileile.

Mundu huohuo ninao mimi.
Wangu umelala alani, miaka sasa,
unaamka mara mojamoja, unakata kidogo, unalala.

Leo tumekaa benchi moja, kliniki, Muhimbili.
Atuonaye hakosei: macho yenye umanjano,
vidole virefu vya baba,
na kucheka kabla kichekesho hakijaisha.
Mimi nimeuliza tarehe ya kurudi.
Yeye ameuliza bei ya magongo.
Nyonga imelika, na hajatimiza thelathini na tano.

Nikaanza kusema neno, sijui neno gani,
la kuomba radhi labda, kwa teksi ile.
"Acha," akasema. "Niletee blanketi zito, inatosha."

Mama mmoja pembeni, akitutazama, akatabasamu:
damu nzito kuliko maji, wanangu.
Pazi akacheka, mapema kama kawaida yetu.
"Aliyesema hivyo, mama,
hajaamka usiku akakuta viatu vyake vinaelea."

Muuguzi anachungulia mlangoni, anaita: "Kondo!"
Tunainuka wote wawili.
Mimi nafika kwanza.