Pichana

Eudosia hakati pichana ikiwa na maua.
Hilo sharti la mamaye, na la bibi yake,
huku Catamarca, ambako mvua ni mgeni
abishaye hodi na kwenda zake.

Kichaka hakina jani hata moja:
fito za kijani tu, zimesimama juani.
Leo, siku ya tisa tangu manyunyu,
kimevaa manjano kuanzia shinani.

Ufagio wa mwaka jana umebaki kigutu.
Zonda, ule upepo wa moto,
umemwaga mlima mzima uani.
Na kesho watu wanakuja kumwombea Liborio,
mwaka tangu azikwe.

Anasimama, kisu mkononi,
nyuki wakimzunguka utosini.
Anahesabu fito. Anahesabu tena.

Kisha anarudi, anainama,
anafagia kwa kigutu
hadi vidole vinakwaruza udongo.