Risasi Majini

Ukumbi wa michezo wa shule, Tolman Falls, jimbo la Maine.
Ni Machi, theluji imegeuka tope mlangoni,
viti vya chuma, harufu ya mipira na soksi.
Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa saa.
Nimeapa: sitaongeza, sitapunguza.

Mkurugenzi wa maji, Bwana Pelkey,
ana tai ya kijani na karatasi nne.
Anasoma vipimo, anasoma viwango,
anasoma umri wa mabomba kama anayesoma wasifu wa marehemu,
kisha analitaja lile neno lao fupi,
silabi moja, mlango unaofungwa taratibu,
nami nainamia sikio la Nabintu:
Kuna risasi ndani ya maji.

Lugha yangu ni bahili hapa.
Kwa madini yale laini, ya kijivu, yaliyolala bombani,
na kwa kile kilichotoboa ukuta kule Walungu
usiku alipombeba mdogo wake mgongoni,
imetoa neno moja tu.

Hakushtuka.
Alivuta koti la mtoto,
akafunga kifungo kilichokwisha fungwa,
akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu:
Nani amepiga?

Kiingereza kina maneno mawili,
kila moja na droo yake.
Ningeweza kuchagua droo ya heshima.
Nikasimama, nikasema: Mama anauliza
nani alifyatua.

Tukazisikia taa za dari zikivuma.

Bwana Pelkey akaitazama karatasi ya tatu.
Makosa, akasema, yalifanyika.

Hapo, hapo ndipo nilipotaka kuvunja kiapo.
Yalifanyika! Kama ukungu unavyotanda,
kama maziwa yanavyoganda usiku bila kuguswa.
Ningesema *yalifanywa*,
na sikio lolote la Mswahili lingetega, lingengoja
ile *na* inayofuata:
na nani?
Lakini nilimpa kama lilivyotolewa,
neno lisilo na mkono.

Nabintu akacheka kidogo, puani.
Mwambie, akasema,
kambini tulichemsha maji, hakuna aliyetufundisha hapa.
Barua ilipopita chini ya mlango sikuweza kuisoma,
niliona picha ya bomba, nikaelewa: chemsha.
Dakika ishirini. Kila usiku.
Nayo nikakoroga maziwa ya Ishara.

Nikayasema yote. Sauti yangu ilikwama kwenye *ishirini*,
maana nilishakuwa nimesoma ile barua kwa Kiingereza, mstari wa tisa:
risasi haifi kwa moto.
Maji hupanda mvuke, yenyewe hubaki,
ikikolea sufuriani.

Ndipo Odette Thibodeau, miaka arobaini kiwanda cha karatasi,
akainuka bila kuitwa.
Maabara iliwaandikia Agosti, akasema.
Akaanza kuhesabu kwa vidole, Agosti mpaka leo,
akafika saba, akaviacha vimesimama hewani,
vimepinda kwa baridi yabisi.
Hivyo havikuhitaji mkalimani.

Wiki iliyofuata kumbukumbu za mkutano zilichapwa.
*Mkazi mmoja aliuliza kuhusu mabomba.*
Nimeandika kuomba sahihisho, mara tatu.
Barua yako imepokewa, wananijibu.
Imepokewa. Angalau hapa
kuna mtu aliyejificha ndani ya kitenzi.

Usiku nafungua bomba langu, liteme dakika tano
kabla ya kikombe, ndivyo tulivyoelekezwa.
Mita inazunguka. Bili itakuja kwa jina langu,
limeandikwa sawasawa, herufi zote.
Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki.
Juu ya yaliyokwisha nyweka, hawakusema kitu.

Hospitali ilimpigia Nabintu, nami nikatafsiri kwa simu:
damu ya Ishara, kumi na nne.
Kumi na nne nini? akauliza.
Nikatafuta neno.

Mtoto ana miaka miwili na nusu.