Bila Kuonja

Nilitumwa iliki kwa Muktaben,
nyumba ya pili kutoka kwa fundi baisikeli,
pale Barani, Malindi. Nilikuwa na miaka minane.
Nikamkuta jikoni, nywele mbichi, ametoka kuoga,
anakaanga semolina kwa samli
mpaka ikawa rangi ya mchanga uliolowa
na harufu ikaruka ukuta bila kupiga hodi.

Maziwa ya moto. Sukari. Zabibu
zikavimba kama wake wenza.
Akakoroga, akanusa, akasikiliza,
wallahi, aliinamisha sikio juu ya sufuria,
lakini ulimini hakutia hata chembe.
“Utajuaje kama imekolea?”
“Si yangu,” akasema. “Mwenyewe hajaonja.”

Alipotoka uani kuchuma jani la kuweka juu,
mrehani wao, wanaouita tulsi,
kidole changu kilishazama.
Niliungua. Nikanyamaza na moto mdomoni.

Hakuuliza. Alikitazama kile kishimo
kwenye uso laini wa halua,
akapakua yote kwenye bakuli la buluu:
“Basi hii imeshapata mwenyewe.”
Akanawa mikono hadi viwikoni
akaanza upya. Samli mpya, sukari mpya,
na duka, nilikuja kujua baadaye,
lilikuwa halijauza mtandio wiki mbili.

Jioni, wenzake walipotoka mandirini
na vijisehemu vyao vilivyobarikiwa,
sisi tulikuwa tumeshamaliza bakuli letu.
Mama alilamba kijiko, akacheka peke yake:
ile ya kengele na ubani tusingeila.
Ile niliyoiharibu ndiyo tuliyohalalishiwa.

Muktaben naye alilijua hilo.
Kila mwaka, kabla kengele hazijalia,
bakuli la buluu lilifika kwetu,
na katikati ya halua, kishimo:
kidole kirefu, cha mtu mzima.

Sasa yuko Nairobi kwa mwanawe. Bakuli ninalo,
limemeguka ukingo.
Ramadhani hii, saa kumi na moja, napika tambi,
mate yamekauka, sukari nakisia kwa kiganja.
Mjukuu ananizunguka, ananyemelea.
Nainamisha sikio juu ya sufuria.

Nageuka makusudi kutafuta iliki.