Hali ya Mgonjwa

Mimi kazi yangu ni deki.
Mkataba unasema deki, vioo, na ndoo za wodi namba mbili,
kituo cha afya, Bahi, ng'ambo ya reli.
Ukalimani haumo.

Lakini Daktari Rugaimukamu aliletwa kutoka Muleba
na Kiswahili chake kilichopigwa pasi,
na Bibi Mchiwa aliletwa kutoka Chali kwa pikipiki,
amebanwa kati ya dereva na mkwewe,
na Kiswahili chake cha mnadani:
bei, ng'ombe, chumvi, punguza.

"Bibi, unapata choo?"
"Tunacho, baba. Cha shimo.
Alikichimba Madeha kabla ya masika. Bado bati."

Wanafunzi wa uuguzi wakageukia dirisha, mabega yakicheka.
Daktari akarudia kwa sauti kubwa zaidi,
kana kwamba masikio ndiyo yaliyougua.
Nikaegemeza fagio ukutani.

(Nani wa kucheka? Mwaka ule nilipopimwa kifua
niliambiwa majibu ni hasi.
Shuleni hasi ilikuwa namba iliyoanguka chini ya sifuri,
deni, shimo.
Nililia kutoka dirisha la maabara hadi stesheni,
nikawagawia binti zangu vitenge kwa macho,
na jirani yangu aliyeambiwa chanya
akanunua soda.)

Basi nikamuuliza Bibi kwa Kigogo.
Kwanza mbukwa, kisha mvua, kisha mifugo,
maana kwetu tumbo haliulizwi
wakati mwenye nalo bado amesimama mlangoni.
Naye akafunguka.
Alisema muda wa treni ya mizigo kupita, behewa kwa behewa:
Madeha, yule yule wa choo,
homa ya siku mbili,
jeneza la mbao za kukopa,
uwele uliobaki kinuni asubuhi ile
ambao hakuna aliyeugusa tena;
kwamba mlenda ukimfika kooni
unageuka udongo wa kaburi la mwanawe.

Daktari alitazama saa. Foleni ilikwisha fika bombani.
"Anasemaje?"
"Tumbo linauma. Tangu Ijumaa."
"Hayo tu?"
"Hayo tu."

Nilifagia.
Ndivyo nilivyozoea:
kikubwa kwenye beleshi, kilichobaki chini ya kabati.

Saa tisa upepo ukapanda kutoka mbugani
ukanirudishia vumbi lote nililolitoa,
mpaka juu ya mto wa Bibi,
ambako vidonge vya tumbo vilikuwa vimelala kwenye bahasha,
moja kutwa mara tatu,
na sahani ya ugali ikiwa nzima kama ilivyopakuliwa.
Nikasimama mlangoni kwa Daktari na ndoo yangu.
"Kuna maneno niliyaacha."

Nilingoja nifokewe.
Alivua miwani, akaifuta kwa koti, ikazidi kuchafuka.
Akasema mama yake naye, huko Dar es Salaam,
alitafsiriwa na mlinzi wa geti,
na mlinzi alikuwa na haraka.

Akaja kitandani, akaketi.
Hakuwahi kuketi.
Akajaribu mbukwa, ikamtoka imepinda,
Bibi akamnyooshea, mara mbili, kwa ukali kidogo.
Safari hii sikupunguza kitu.
Hata pale aliposema yule daktari ana sura ya mtu mwenye njaa,
nilitafsiri.

Kwenye faili, palipochapwa HALI YA MGONJWA,
akafuta yale ya asubuhi
akaandika neno moja, akaweka nukta.

Jioni nesi wa zamu ya usiku akanifuata koridoni.
"Huyu kaishia njiani. Kaandika 'Hali.'
Hali gani? Nzuri? Mbaya?"

Amemaliza, nikamwambia.
Soma tena, taratibu.
Hali.
Tangu wamzike.