Safu ya Waangalizi

Leo nimefunga mabomba ya bustani.
Nimeyatapisha maji yote, moja baada ya jingine;
hata lile la karibu na bembea, lililokuwa likidondoka tangu Julai,
limekohoa mara mbili, likanyamaza.
Gati la mbao tumelivuta nchi kavu kwa trekta.
Mialoni tu ndiyo bado imeng'ang'ania majani yake makavu,
kama bahili na senti zake.
Ziwa Michigan lina rangi ya sufuria.

Saa nane wakaja, kama kila Jumamosi ya mwisho wa Novemba:
Verna Hoekstra na darubini yake ya miguu mitatu,
na Harlan, mpwa wake, amekumbatia chupa ya kahawa,
glavu zimekatwa vidole.
Mimi hawakunisalimu kwanza. Walianza na shakwe.

"Mia mbili na kumi," alisema Verna,
"pamoja na yule wa mguu mmoja."
"Ameukunja mwingine, shangazi."
"Basi kwa leo ana mmoja."

Batabukini walipita juu wakizozana
kama ndugu kwenye mirathi.
Batamaji weupe, kumi na wanne, hawakusema kitu,
shingo mbele, kusini, bila kuuliza njia.
Kukuziwa walijibana penye matete, weusi,
shanga zilizokatika uzi.
Na vile videge vya theluji, ambavyo jina lake hunitoka kila mwaka,
upepo ulikuwa ukivitupa na kuviokota mchangani
kama tiketi za bahati nasibu iliyokwisha chezeshwa.

Mimi ndege siwajui. Najua kufuli.
Najua choo kipi huziba Agosti,
na benchi lipi lina msumari.

"Njoo," akaniita Verna. "Inama. Usiguse."
Ndani ya duara la kioo, maji, maji, maji,
kisha kichwa kidogo, na jicho jekundu,
kaa la mwisho jikoni.
Kibisi.
Sikuwahi kuvuta pumzi: alizama,
nikaona maji yakijifunga bila mshono.
Nikahesabu hadi arobaini.
Harlan akapuliza kahawa yake.
Nikahesabu tena.

Lango hufungwa saa kumi na nusu,
kibao kinasema hivyo, na mwandiko ni wangu.
Saa kumi na dakika hamsini nilikuwa bado nimesimama nao,
nimezibana funguo mfukoni zisilie.

Verna akafungua daftari juu ya boneti ya gari.
Tarehe. Upepo. Joto. Mawimbi.
Anaandika kwa penseli; wino, anasema, huganda.
Kisha ile safu ya mwisho, Waangalizi:
tatu, tatu, tatu, ukurasa mzima unashuka hivyo,
miaka kumi na tisa.
Akaandika mbili.
Akaitazama.
Akaifuta kwa ncha ya glavu, karatasi ikachafuka,
akaandika tatu.

"Mimi sikuhesabu chochote," nikasema. "Nilisimama tu."

"Marinus naye," akasema, bila kuinua kichwa,
"miaka sita ile ya mwisho hakuliona hata gati.
Alikuwa akisimama tu."

Harlan akageuka kukunja miguu ya darubini.
Mmoja ulikwama. Aliupigapiga muda mrefu
kuliko ulivyohitaji.

"Jina lako la pili linaandikwaje?"
Nikamtajia herufi moja moja.
Aliruka moja. Sikumsahihisha.

Gari lao likaondoka na taa moja ya nyuma.
Nikavuta mnyororo, nikabana kufuli,
ndipo nikagundua nimelifunga lango
nami niko ndani.

Nikarudi ukingoni, mikono kwapani.
Giza lilikuwa limeshakula upande wa pili.
Pale, mbali kidogo na nguzo za gati, kitu kiliibuka,
kibisi, au wimbi.

Sina penseli.