Tundu

Gogo liliingia Gikomba saa tisa usiku,
lingali bichi, linanuka ukungu,
na Gachanja hakutaka maswali:
"Podo ni podo, Ndunge. Lipa nipakue."
Nikalipa. Nilikuwa na kabati la watu,
la Bi Zuhura wa Majengo,
harusi ya bintiye ni baada ya Idi.

Asubuhi tukaweka msumeno.
Futi ya nne, meno yakauma hewa.
Gogo likafunguka pande mbili: tundu.
Si mchwa, si ugonjwa.
Mlango wake mviringo, umelainishwa na vifua
vilivyoingia na kutoka miaka mingi.
Mtu alikuwa ameuziba kwa tope
ili bei isishuke.
Ndani, juu ya vibanzi vilivyotafunwa,
vigae vya ganda la yai
na manyoya matatu: mawili ya kijani,
la tatu rangi ya kaa lililokataa kuzimika.

"Ya kasuku," akasema Mutuku, mwanagenzi wangu,
akacheka, maana kasuku tunayemjua hapa
ni yule wa mkebe wa mafuta ya kupikia,
yule wa jalada la daftari la hesabu,
na yule wa kijivu, kizimbani, kwenye baa ya Shauri Moyo,
anayetukana wateja kwa sauti ya mwenye baa.
Huyu hakufundishwa tusi na mtu.

Mimi namjua. Miaka miwili nilikaa Njabini
nikipasua mbao chini ya Nyandarua
(sijitoi, mkono wangu umo).
Alfajiri walishuka wawili wawili,
mbio, moja kwa moja, kama waliochelewa kazini,
wakipayuka bonde zima lisikie.
Wakishatua kwenye podo, kimya.
Kijani kimeingia ndani ya kijani.
Unasimama chini, huoni ndege,
unasikia maganda ya mbegu tu,
tak, tak, juu ya majani makavu,
kama kuna fundi juu huko
asiyetaka kuonana na wenye madeni.
Jioni kelele zile zile, mti ule ule mrefu,
kila mmoja akitafuta bega la mwenzake.

Hawajengi. Hawajui kujenga.
Wanangoja mti uzeeke,
tawi livunjike, mvua iingie,
uozo uchimbe polepole, miaka na miaka,
mpaka upatikane utupu wa kuwatosha wawili.
Mche hauwafai.
Sisi tunaopigwa picha na mche mkononi
tunawawekea akiba wajukuu wa vitukuu vyao,
na leo usiku
walale wapi?

Bi Zuhura alikuja kukagua,
futi ya kushonea shingoni.
Akatia kidole tunduni, akakitoa upesi.
"Nani alikuwa akikaa humu?"
Nikamwambia.
Akanyamaza kidogo. Kisha:
"Ziba, mwanangu. Siwezi kumpa bibi harusi
kabati lenye jicho."

Nikaziba. Gundi, unga wa mbao, msasa, vanishi.
Kazi safi. Ukilipitisha kiganja mlangoni hupaoni.
Gachanja kwa tope, mimi kwa gundi.

Upande wa pili wa gogo sikuupasua.
Nimeupigilia juu ya mabati ya kibanda,
nikauwekea mgongo wa bati, mlango unatazama kaskazini,
ingawa najua hakuna atakayeshuka kutoka Nyandarua
kuja kulala juu ya mto huu unaonuka.
Wiki ya tatu akaingia shomoro
na uzi wa gunia mdomoni.
Nikamwacha. Kodi yenyewe hapa hailipiki.

Ila kuna dakika chache asubuhi,
kabla mashine hazijawashwa,
kabla wa mitumba hawajafungua marobota,
nikawa nasaga chai mdomoni, macho chini,
nikasikia juu ya vibanzi vikavu:
tak. Tak.
Nikainua uso haraka mpaka shingo ikalia.

Ni Mutuku, amekaa juu ya rundo la mbao,
anamenya njugu.