Dalali, Umri Miaka Hamsini na Miwili

Miaka ishirini na minne nilipima malori
kwenye mizani ya kiwanda cha saruji, Tororo.
Lori likipanda na pumzi zake za dizeli
nilishajua uzito kwa kutazama matairi
yalivyobonyea; mashine ilikuja tu kunisadiki.
Vumbi lilinikaa kwenye nyusi kabla ya mvi,
hata mvi zilipokuja, hapana aliyeziona.

Kisha wakaleta kompyuta isiyoenda msalani,
nami nikapewa bahasha, soda, na picha ya pamoja.

Nikawaambia nyumbani: nasomea udalali wa bima.
Shangazi Nyaburu akaweka kikombe chini.
"Dalali? Yule anayekuja na polisi
kunadi masufuria ya wadaiwa?"
Si huyo, shangazi.
"Basi yule wa viwanja,
anayeuza shamba moja kwa watu watatu?"
Si huyo pia. Othieno, mume wangu, alicheka
mpaka chai ikampalia.
"Mke wangu atauza ajali," akasema,
"kwa watu ambao bado haijawafika."

Hakukosea sana.

Mtihani niliufanyia Kampala, ghorofa ya tatu,
katikati ya watoto wa umri wa kitindamimba wangu.
Mmoja alinipisha mlangoni, akidhani ni msimamizi.
Miwani yangu imefungwa uzi upande wa kushoto.
Swali la tisa: *Eleza maana ya hasara.*
Karatasi ilinipa mistari minne.
Nikaandika kwa herufi ndogo.

Siku hizi nashinda Malaba, kwenye foleni ya malori.
Kiswahili nilichorithi kwa baba, aliyekuwa askari,
lugha ambayo mama aliikataza mezani
(ya bunduki, alisema, na ya wezi),
ndiyo inayonilisha.
Madereva wa Mombasa, wa Eldoret, wa Goma
nawaambia: mimi si mtu wa kampuni.
Nasimama upande wako, naisoma ile sehemu
iliyoandikwa ili isisomwe.
Mmoja akapandisha kioo. "Mama, ukiitaja ajali, unaiita."
Nikamjibu palepale nje: "Mbona mvua
tuliitaja mwaka mzima na haikuja?"
Akashusha kioo nusu.
Kamisheni ya mwezi wa kwanza: nauli, na kilo mbili za sukari.

Mwezi wa saba duka la Nyadoi likaungua.
Cherehani tano, majora ya sare za shule, meza, mlango.
Kampuni ikatoa kifungu cha kumi na nne:
nyaya za umeme hazikukaguliwa.
Nami nikatoa risiti ya fundi wa umeme,
ile niliyomsumbua Nyadoi
aitunze nyumbani, si dukani.
Wiki kumi na moja za kupanda ngazi.
Cheki ilipotoka niliisafirisha ndani ya sidiria
kama bibi aliyeuza ng'ombe.

Aliisoma. Akaikunja mara mbili.
"Ile ya kukanyaga ilikuwa ya mama," akasema.
"Mguu wake ulikuwa umechimba pedali.
Humu sioni mahali pake."

Nikafungua mkataba, nikatafuta kifungu kwa kifungu,
kama mtu anayetafuta ufunguo
mahali anapojua hakuuangusha.
Tukakaa. Akachemsha chai.
Kisha akauliza, bila kunitazama,
cherehani mpya zitalipiwa shilingi ngapi kwa mwaka.

Jioni nilipita kwenye mizani yangu ya zamani.
Lori lilikuwa linapanda. Nikasimama, mazoea tu,
nikayatazama matairi.
Tani ishirini na nane, nikasema kimoyomoyo, na kilo mia tatu.
Tarakimu nyekundu zikawaka:
ishirini na nane, mia tatu na arobaini.

Arobaini zilinipita.
Nikahamishia mkoba bega la pili,
nikaenda kutafuta boda.